Mwamvuli na Meza

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Asubuhi ilikuwa kavu, yenye ubaridi kidogo. Mlima ulikuwa wazi kuanzia theluji mpaka misituni, lakini huku chini, upande wa Simanjiro, vumbi lilikuwa limetanda na mwisho wa nchi, pale inapokutana na anga, haukuonekana. Hiyo ndiyo siku Mwamvuli alipoondoka.

Klabu yetu ndogo pale uwanja wa ndege wa Moshi ilikuwa na ndege mbili, na aliyezipa majina ni fundi Ally. Ya kwanza bawa lake liko juu ya vichwa vya watu. Mvua ikinyesha ghafla sote tulikimbilia chini yake, kwa hiyo akaiita Mwamvuli. Ya pili bawa lake liko chini, usawa wa kiuno, limelala bapa, na kila mgeni aliyefika alitaka kuweka kikombe cha chai juu yake. Ally alikuwa akiwafukuza akisema hapa si hotelini. Hiyo akaiita Meza.

Mimi ni karani wa klabu hiyo. Niliacha shule darasa la saba, nikarudi darasani nikiwa na miaka arobaini, masomo ya jioni pale mjini, nikikaa dawati moja na vijana wa umri wa mwanangu. Wanachama wa klabu waliwahi kukubaliana kwamba mfanyakazi yeyote atakayefaulu hisabati na fizikia atafundishwa kuruka. Nadhani walisema hivyo kwa sababu hawakutegemea atokee mtu. Nilifaulu kwa neema ya Mungu na kwa kurudia mara ya pili.

Mwalimu wangu alikuwa Rukaiya, binti wa mjini Moshi, mdogo wangu kwa miaka kumi na mitano. Mimi nilimwita mwalimu, yeye aliniita dada. Siku ya kwanza kabisa, tukiwa tumesimama mwanzo wa barabara ya kurukia na injini inaunguruma, nilifumba macho nisali. Alinisubiri kwa heshima. Kisha akaniambia kwamba yeye pia husema Bismillahi kila anapoondoka, ila husema akiwa amefumbua macho, na angeshukuru kama na mimi ningefanya vivyo hivyo. Tangu siku hiyo nasali nikitazama mbele. Rozari yangu huwa mfukoni, na kwa ajili yake Ally aliniita Sista.

Nilijifunza na Mwamvuli karibu mwaka mzima. Ni ndege mpole. Mafuta yake yako juu bawani na hushuka yenyewe kwenye injini kama maji ya tangi la nyumbani. Ukiwa umekaa ndani unaitazama ardhi yote chini yako: mashamba ya miwa, paa za mjini, migomba ya watu. Upepo wa ubavuni humsumbua, maana humshika lile bawa la juu na kumyumbisha, lakini akishafika chini hutua mara moja bila ubishi.

Mama yangu, Margareta, anaishi Marangu kwenye kihamba, shamba la ukoo tuliloachiwa na marehemu baba. Kwa mwaka mzima hakutaka kusikia habari ya mimi kuruka. Mwishowe alishuka siku moja kuja kuiona ndege yenyewe, mvua ikamkuta, akajikinga chini ya bawa la Mwamvuli pamoja nasi. Akakaa pale juu ya ndoo, akatazama juu, akasema hii imekaa kama kuku anayefunika vifaranga. Alikuwa na mbege kwenye chupa ndani ya kikapu. Akachukua funda moja, akanipulizia kifuani na mikononi, akapuliza na kwenye propela, akasema maneno ya kwetu na kumalizia na Baba Yetu. Ally alifuta propela akilalamika kwamba ndege yake haijawahi kuonja pombe na sasa itaanza kuyumba. Mama alicheka sana. Mimi nilikwenda pembeni nikalia kwa furaha, kwa sababu bila baraka ile nilikuwa nimeazimia kutoruka peke yangu kamwe. Ukiwa na mwalimu pembeni ni masomo. Ukiwa peke yako uko mikononi mwa Mungu, na mimi siwezi kujiweka mikononi mwa Mungu huku mama yangu amenuna.

Basi Jumanne hiyo Mwamvuli alipelekwa Arusha kufanyiwa matengenezo makubwa ya injini, na hatukujua angerudi lini. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu niruke peke yangu. Na jambo lililokuwa zito zaidi ni kwamba Rukaiya alikuwa amepata kazi Dodoma na angeondoka mwisho wa mwezi. Mwalimu mwingine hakuwepo. Kama nisingeruka peke yangu kabla hajaondoka, na ndege iliyobaki ni Meza, sikujua ningeruka lini tena, katika umri wangu.

Tukaanza na Meza siku iliyofuata.

Nilimwona mgumu tangu mlangoni. Mwamvuli unaingia kama unavyoingia kwenye gari. Meza unapanda juu ya bawa lenyewe, unakanyaga pale penye utepe mweusi tu, halafu unaingia kwa mlango mmoja na kusogea mpaka kiti cha pili, sketi yako ikikusumbua. Mafuta yako chini kuliko injini, lazima yavutwe na pampu, na matangi mawili hayatumiki pamoja: unachagua la kushoto au la kulia, na ni wewe wa kukumbuka kubadilisha. Rukaiya alinieleza tofauti kwa maneno niliyoyapenda. Alisema kwa Mwamvuli unaning'inia chini ya bawa kama mkoba, lakini kwa Meza umekalia bawa kama unavyokalia kiti.

Angani mambo yalikuwa ya kinyume. Mwamvuli akienda sawa anakuonyesha ardhi, lakini akikata kona, bawa linashuka na kukuficha kule unakokwenda. Meza akienda sawa, bawa linakuficha ardhi. Unapokata kona linainama na kukufungulia, unauona uwanja wote. Upepo wa ubavuni haumsumbui sana. Ila kutua hataki. Ukifika karibu kabisa na ardhi, hewa hujibana chini ya lile bawa na ndege huelea, huelea, mpaka barabara inaanza kuisha. Mara ya kwanza nilimlazimisha, tukaruka kama chura. Ally alikuwa amesimama kando. Tuliposhuka aliniuliza kama nilikuwa natua au natwanga.

Hilo nililirekebisha kwa kujifunza subira na kupunguza mwendo mapema. Tatizo langu lilikuwa jingine, na hatukulielewa.

Tulikuwa tukiruka kuelekea Himo, mlima ukiwa kushoto kwetu na nyika kulia. Rukaiya hufunika kwa kitambaa ile saa inayoonyesha kama ndege imelala sawa, kwa sababu anataka mwanafunzi ajifunze kwanza kwa macho yake. Akaniambia niende moja kwa moja, mabawa yakiwa sawa. Nikafanya hivyo. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimefanya hivyo. Lakini kila baada ya muda mfupi tulijikuta tumepinda kulia, tunaukimbia mlima na kuelekea nyikani. Akanirudisha. Nikapinda tena. Akaondoa kitambaa, na ile saa ikaonyesha bawa la kushoto limeinuka na la kulia limeshuka. Nikaambiwa nisawazishe, nikasawazisha, lakini mwilini nilihisi tumelala upande. Akifunika tena, naharibu tena.

Kwa Mwamvuli hili halikuwahi kutokea. Rukaiya alifikiri labda ni uchovu wa masomo ya jioni. Ally alikagua nyaya zote za usukani, akazikuta salama, akasema, "Sista, ndege haina shida. Labda shetani amekaa bawa la kulia." Nilijua anatania, lakini usiku huo nilisali kwa bidii zaidi.

Ijumaa Rukaiya alizima injini, akanigeukia kabla ya kufungua mlango. "Dada Priska," akasema, "kutua unatua vizuri sasa. Lakini siwezi kukuachia ndege ambayo huijui kama imelala upande au iko sawa. Siku yenye vumbi kama leo itakupeleka pabaya. Nisamehe."

Nilimwambia hana kosa. Na kweli hakuwa nalo.

Jumapili baada ya misa ya kwanza nilipanda Marangu. Nilimkuta mama naye ametoka kanisani, ameshawasha moto. Nilimsalimu, nikakaa, nikamweleza yote: Mwamvuli ameondoka, imebaki ndege nyingine, mwalimu anahama. Hiyo ya kulala upande sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba, Mungu akipenda, nitaruka peke yangu na hii nyingine.

Mama aliendelea kumenya ndizi. "Nilibariki ile," akasema. "Ile niliyokaa chini yake mvua ikanyesha nisilowane. Hii sijaiona."

Nilijaribu kumwambia kwamba baraka ni ya mtu, si ya chombo. Akanijibu kwamba yeye alipulizia vyote viwili, mtu na chombo, na Ally alikuwepo akifuta. Kisha akauliza bawa la hii nyingine liko wapi. Nilipomwambia liko chini, aliweka kisu pembeni.

"Sasa juu yako kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Kioo."

"Umekaa wazi juu ya paa kama jogoo," akasema. "Hapana. Nitakuja niione kwanza. Mpaka hapo usiniombe."

Sikubishana. Alinimiminia chai, kikombe kikajaa mpaka mdomoni, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Nikachukua chai yangu nikaenda kukaa uani kwenye kigoda cha baba.

Vigoda hivyo vilikuwa viwili. Baba alivitengeneza mwenyewe kwa mti wa mruka, miguu minne kila kimoja. Kimoja nilikichukua baada ya msiba, nikakipeleka kwangu Shirimatunda kiwe kumbukumbu. Kwangu hakikai vizuri. Kimeinama upande mmoja, na kwa miaka yote nimekiwekea kipande cha ubao chini ya miguu miwili, nikiamini kwamba baba alikitengeneza akiwa mzee na macho yamemchoka. Nilikuwa namwombea hata kwa hilo.

Lakini kigoda hiki cha pili, pale uani, kilikuwa imara kabisa. Nilikitikisa, hakikutikisika. Nikainuka, nikaweka kikombe juu yake nipate kufunga kilemba, na chai ikakaa sawa mdomoni mwa kikombe pande zote. Kisha, bila kufikiri, nikakihamishia kikombe chini, juu ya udongo wa uani, mahali ambapo utotoni tulicheza. Chai ikamwagika upande wa chini.

Niliitazama ile chai ikikimbia. Ilielekea kwenye migomba, ikielekea nyikani, kama maji yote ya kwetu. Nikainama nikakikagua kigoda. Miguu miwili ya upande wa juu ilikuwa mifupi kuliko miwili ya upande wa chini, karibu upana wa vidole vitatu. Baba alikuwa amevipima vigoda vyake kwa ua ule. Aliujua mteremko wake. Mimi nilizaliwa pale, nikatambaa pale, nikajifunza kutembea pale, na kwa miaka arobaini na sita sikuwahi kuuona. Machoni pangu ule ua ulikuwa sawa.

Nikaona basi nilichokuwa nafanya angani. Kwa Mwamvuli bawa liko juu ya kichwa, halina mahali pa kukutana na mlima, nami nilikuwa natazama pua ya ndege. Kwa Meza bawa lile pana linatandazwa mbele ya macho yangu, na ncha yake inaugusa mteremko wa Marangu na Kilema, na vumbi limeufunika mwisho wa nchi ya nyikani nisiuone. Nami nimekuwa nikililaza bawa juu ya mteremko wa kwetu, kama mtu anayeweka ubao juu ya udongo, nikiamini kabisa hapo ndipo pako sawa. Nililaza ndege nzima ifanane na ua wa nyumbani.

Nilipiga magoti palepale nikamshukuru Mungu, na mama aliporudi aliniuliza kama nimeangusha kitu.

Jumatatu nilimweleza Rukaiya. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, halafu akaanza kutabasamu polepole, akasema yeye amezaliwa mjini, hakuwahi kufikiria jambo kama hilo. Tukaruka kuelekea Himo. Akafunika saa kwa kitambaa. Safari hii sikuutazama mlima. Nilitazama kulia, juu ya vumbi, mpaka nikaupata ule mstari mwembamba ambapo vumbi linaishia na anga inaanza, na nikayapima mabawa yote mawili kwa mstari huo. Mwili wangu ulilalamika kwamba tumeinama. Niliuacha ulalamike. Tukaenda moja kwa moja mpaka Himo ikawa chini yetu, na Rukaiya hakugusa usukani. Wiki nzima tulirudia hivyo hivyo, mpaka mwili wenyewe ukanyamaza.

Ikabaki mama.

Jumamosi, tarehe 22, alifika uwanjani mapema na kikapu chake. Rukaiya na Ally walimwamkia shikamoo, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwa Meza. Akaizunguka yote. Akagonga bawa kwa kidole kama anayechagua sufuria dukani. Akamuuliza Ally kwa nini hii haina kitu cha kumkinga mtu juu.

Ally alijifuta mikono. Nilitegemea mzaha, lakini alimjibu kwa adabu kwamba mwanawe hafunikwi na bawa, anabebwa nalo, na kwamba bawa la hii limepita chini ya kiti chake upande hadi upande kama boriti ya nyumba. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kumruhusu mtu yeyote. Alimshika mama mkono, akamwonyesha pale penye utepe mweusi, akamwambia akae.

Mama akakaa juu ya bawa la Meza, miguu ikining'inia, kikapu mapajani. Akajisogeza kidogo kushoto, akajisogeza kulia.

"Haitikisiki," akasema.

"Haitikisiki, mama," nikasema. "Kama kigoda cha baba." Nikamweleza habari ya miguu mifupi na mirefu, na jinsi nilivyokuwa nalaza ndege. Nilihofia kwamba akijua ataghairi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako Sirili alivikata mara tatu," akasema. "Kila mara anaweka bakuli la maji juu, anatazama, anakata tena. Mimi nikamwambia unapoteza mti wa watu." Akatikisa kichwa. "Kumbe cha kwako umekiwekea ubao."

Aliteremka, akafungua kikapu, akatoa chupa. Ndani kulikuwa na maziwa. Akamtazama Rukaiya na Ally akasema leo ameacha mbege nyumbani kwa ajili yao, ili ndege isiyumbe. Kisha akanipulizia kifuani na mikononi, akapuliza bawa la kushoto, bawa la kulia na propela, akasali kwa Kichagga kwa muda mrefu, na sisi watatu tukaitikia Amina, kila mmoja kwa namna yake.

Rukaiya alikagua tangi na pampu pamoja nami, akafunga mkanda wa kiti kitupu, akashuka. Mlango ukafungwa. Nikasali nikiwa nimefumbua macho.

Bila mwalimu Meza alikuwa mwepesi, akaiacha ardhi mapema kuliko nilivyozoea. Nilipanda, nikakata kona, nikaingia ule upande ambapo mlima unakuwa kushoto. Mlima ulikuwa mzuri mno asubuhi ile. Niliona ncha ya bawa ikitaka kwenda kuulalia mteremko wa kwetu, na moyo wangu ukitaka kuifuata. Nikageuza macho kulia, nikatafuta mstari wangu juu ya vumbi, nikaukuta, nikasawazisha. Nilisema Salamu Maria kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na wa kunisikia ila anayehusika. Nilipokata kona ya mwisho bawa liliinama na kunifungulia uwanja wote, na nikaona pale kando ya barabara watu watatu wadogo, mmoja amevaa kitenge cha manjano. Nikapunguza mwendo mapema. Meza akaelea kama kawaida yake. Nikamwachia aelee. Alipochoka akakaa chini mwenyewe, magurudumu yakagusa taratibu, na nikajikuta nacheka peke yangu.

Nilipozima injini mama alikuwa wa kwanza kufika, akanishika mikono yote miwili. Ally alisema sasa atabidi atafute jina jingine, Sista halinitoshi. Rukaiya alisubiri mpaka tumetulia. Akasema Jumamosi ijayo atakuwa Dodoma, hatakuwepo wa kunifunikia saa wala kunifunulia. Akaomba kitu kimoja tu kwangu, nikiseme kwa mdomo wangu, mbele ya mama na mbele ya fundi, ili wao wawe mashahidi akiwa mbali.

Nilijua anachotaka. Nilimtazama mama, kwa sababu neno lenyewe lilimhusu.

"Mama usinielewe vibaya," nikasema.

"Sema, mwanangu. Nakusikia."

Nikashika bawa la Meza kwa mkono mmoja, bado lina maziwa, na rozari kwa mkono mwingine.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi: kila nikiwa angani nitatazama kwanza nyikani, na nikishapata mstari wangu ndipo nitatazama nyumbani. Na siku nyika isipoonekana, sitaruka."